Redio Mpya Haikumjua Mama Chebet

Stesheni, chini ya Chepseon
Jumapili, Novemba 1997

Mama Kageha mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza sijui nitakomea wapi. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hii? Kageha ameacha kukohoa? Na ng'ombe wa shangazi yangu, senge Ronika, alizaa salama ama bado mnamchungulia zizini kila saa? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na nyumba ya reli inavuja mahali pale pale ilipovuja ulipokuja Aprili. Ila roho imechafuka. Nimechukizwa, mke wangu, mpaka ugali nautia mdomoni nauona kama sabuni.

Barua ya mwezi uliopita nilikuambia nimeahidiwa uhamisho wa kuja stesheni ya Luanda, niwe nikilala kwangu kama wanaume wengine. Najua umekwisha kupaka ukuta chokaa. Shemeji alipopita hapa na treni aliniambia kuna jogoo mwekundu unamlisha mahindi mazima ukimwekea siku nitakayotia mguu nyumbani. Tafadhali soma karatasi hizi zote kabla hujamshikia kisu.

Ni habari ya redio. Unajua reli yetu huku milimani ni moja tu, ya kupanda na ya kushuka ni hiyo hiyo. Kwa hivyo sisi wa stesheni huongea kwa redio kwanza, tukakubaliana, ndipo treni iachiliwe. Redio ya zamani uliiona mezani kwangu, lile sanduku la kijivu ulilosema linavuma kama mvua kwenye mabati. Ilikuwa na kelele, lakini ilikuwa redio ya watu wote. Mmoja akisema, wote wanasikia: stesheni ya juu, stesheni ya chini, madereva, magadi wa treni, na Mama Chebet getini.

Mama Chebet ni yule mjane wa Kikipsigis anayenipa maziwa. Ulimwona akakuambia wewe ni mwembamba sana kwa mwanamke wa karani. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa geti la chini, pale barabara inayotoka kituo cha kununulia majani chai inapokata reli kwenda kiwandani. Mzee alipokufa, huyu mama aliamka akachukua bendera akasimama mahali pa mumewe. Hakuna aliyemwambia aache na hakuna aliyempa barua ya kazi. Reli humlipa kama kibarua, jina likiandikwa kwa penseli. Ana mdomo, huyo mama. Mimi ni msaidizi wa stesheni masta lakini miaka yote ananiita Karani, na anasema chai yetu Wamaragoli ni maji ya kuoshea kikombe. Lakini geti lake halijawahi kukutwa wazi.

Sasa sikia jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu haimo katika kitabu chochote cha reli. Geti haliko mbali sana na hapa, nusu saa kwa miguu, lakini mlima umelificha, na waya za simu ziliibwa zamani. Kwenye kibanda chake kuna redio ya zamani ya mumewe. Dereva anayeshuka, akifika darajani, alikuwa anasema kwenye redio, "Mama, weka chai." Basi. Mama akisikia hivyo anafunga geti, anachukua bendera, anasimama. Na chai huiweka kweli. Treni haisimami pale, kwa hivyo dereva hajawahi kuionja hata siku moja. Chai huinywa yeye na yeyote aliyefungiwa geti, na mara nyingi ni Kiplangat, dereva wa trekta la majani chai, ambaye nadhani alikuwa anachelewa makusudi ili afungiwe.

Mwezi huu wakaleta redio mpya. Zinaitwa dijitali. Za zamani kumbe zilikuwa analogi, na sisi hatukujua, tulidhani ni redio tu. Walikuja na hema, viti vya plastiki, mbuzi wanne na mkubwa mmoja kutoka Nairobi ambaye hakushuka kwenye gari mpaka mvua ilipopungua. Akatuambia tumeingia karne mpya. Kisha fundi mmoja kijana, mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka inakata, akatufundisha. Sauti yako, anasema, inageuzwa namba, namba zinaruka hewani, kule zinageuzwa sauti tena. Haina kelele. Na kila redio ina namba yake kama simu. Ukimpigia mtu, anasikia yeye peke yake. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nao wakapakia redio zetu za zamani kwenye gari, za stesheni na za treni.

Huyo fundi alikuwa na fomu ya kutia tiki. Mstari mmoja ulisema stesheni zote na mageti yote yamepata redio mpya. Nikamwuliza, "Na geti la chini? Mama wa pale hajapata yake."

Akapekua karatasi zake. "Jina?"

"Mama Chebet."

"Hiyo si jina, boss. Hapa geti ya chini imeandikwa hakuna mtu."

"Mtu yuko. Amekaa hapo miaka."

"Basi tutamletea baadaye. Wewe weka tiki hapo, mkubwa anangojea nyama, na hii mvua itatufungia barabara."

Nikatia tiki, nikaweka sahihi. Nakuandikia neno hilo peke yake ulione vizuri. Nilitia tiki, Mama Kageha, kwa sababu nilikuwa nimesikia harufu ya nyama na kwa sababu uhamisho wangu ulikuwa kwenye mfuko wa koti la yule mkubwa.

Nilijiambia nitateremka mwenyewe nimwambie mama kwamba tumehama kwenye redio yake. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne ilinyesha kutwa. Jumatano mnyapara wa genge la reli aliniletea maziwa kutoka kwa mama, kama kawaida, kwenye chupa ile ile. Huyo mnyapara alikuwa anarudi chini. Ningemwambia neno moja tu, "Mwambie mama redio yake haisikii tena," na lingefika. Lakini nilikuwa nimekaa na ile redio mpya nikijifunza vibonyezo, nimefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikachukua maziwa, nikasema asante, nikarudi kwenye vibonyezo vyangu. Tena nilijiambia mama si mjinga, akiona redio yake imekufa atapanda kuja kuniuliza.

Lakini haikufa. Hapo ndipo sisi sote tulikosea, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Redio ya zamani isipozungumziwa na mtu inavuma tu. Hata wote wakiihama, inavuma. Na Mama Chebet alifundishwa na mumewe kwamba ikivuma ni nzima, na ikiwa nzima bila sauti ya dereva, basi treni hakuna. Siku tatu hizo treni zilikuwa chache, zilipita mchana mweupe na yeye akiwa nje na ng'ombe wake, akaziona kwa macho, akafunga, akawalaumu madereva moyoni kwamba wamekuwa na kiburi, hawasalimii. Alhamisi ukungu ulishuka mpaka ukakaa juu ya majani chai, huoni mita kumi. Akaingia ndani akakaa karibu na redio, asikilize vizuri.

Mchana huo treni ya mizigo ilikuwa inashuka. Nimekaa ofisini, redio mpya ikalia, nikaipokea. Sauti ya dereva ikaja safi, bila mkwaruzo, kama ameketi kwenye kiti cha pili. Akasema, "Mama, weka chai."

Mazoea tu. Alikuwa amebonyeza namba ya stesheni yangu kama alivyofundishwa, halafu mdomo ukasema ulichozoea kusema darajani. Nikacheka. Mke wangu, nilicheka kwa sauti, peke yangu ofisini, kwamba leo nimekuwa mama. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa kwamba maneno hayo nimeyasikia mimi peke yangu duniani.

Nikampigia dereva asimame. Redio ikatoa mlio mfupi ikanyamaza. Nikapiga tena, mlio, kimya. Alikuwa ameingia kwenye mkato wa mlima, pale reli inapopita kati ya kuta mbili za mwamba. Ile ya zamani kwenye mkato ilikuwa inafifia pole pole, kama mtu anayekwenda mbali huku anakuita, na ukipiga kelele ya kutosha neno moja lingepenya. Hii ya namba haifahamu kufifia. Ama iko yote ama haiko. Nikatupa ile takataka mezani nikakimbia kwenye reli na bendera mkononi, na sijafika hata kwenye kalvati nikasikia honi, ndefu, haikatiki, halafu mlio wa chuma.

Sitakueleza yote. Kiplangat aliona geti wazi akajua njia ni safi, kwa sababu tangu apewe trekta geti likiwa wazi njia ilikuwa safi. Trekta lenyewe lilivuka nusu. Trela ilipigwa ikalivuta. Nilipofika majani chai yalikuwa yametapakaa kila mahali, mabichi, na watu wanayakanyaga, na Mama Chebet alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto amelishika paja la Kiplangat kwa mikono miwili na kamba ya ng'ombe ameifunga juu ya goti. Daktari alisema kamba hiyo ndiyo iliyomwacha hai. Mguu waliukata. Ana watoto wawili na hajafika miaka thelathini.

Jumamosi wakaja watu wa uchunguzi, watatu, na Landrova. Mama Kageha, nimeona watu wabaya maishani mwangu, lakini wale ni wabaya wasiojua kwamba ni wabaya, wananawa mikono kabla ya kula na kushukuru Mungu. Walikaa ofisini kwangu wakaagiza chai. Mmoja alisema viazi vya huku ni vitamu. Geti walilitazama wakiwa ndani ya gari. Ni mmoja tu aliyeshuka, akaingia kibandani kwa mama, akatoka ameshika sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, amekishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akanusa, akakunja uso.

"Chombo cha pombe," akamwambia mwenzake aandike.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni maziwa. Inanuka hivyo kwa sababu kibuyu kinasuguliwa na mkaa wa mti. Huyo mama ni mlokole, hata soda anaiogopa."

"Wewe ni Mkipsigis?"

"Hapana."

"Basi wachana na mambo hujui."

Wakaandika. Halafu yule mnene, aliyekuwa mpole kuliko wengine, akafunga mlango tukabaki wawili. Akatoa karatasi imepigwa taipu tayari, hata kabla hawajaja, naona ilikuwa na mkunjo wa kukaa mfukoni. Inasema mimi nilimkabidhi mlinzi wa geti redio mpya nikamfundisha, na kwamba siku ya ajali mlinzi alikuwa amelewa, redio ameiuza. Chini kuna nafasi ya sahihi yangu.

Akasema, "Bwana Shadrack, ile fomu ya tiki iko na sahihi yako. Sasa iko namna mbili. Ama geti lilipata redio na mama akaipoteza, ama wewe ulidanganya serikali. Chagua yenye itakurudisha kwa bibi yako." Akaweka karibu na ile karatasi barua ya uhamisho. Luanda, mwezi wa kumi na mbili. Muhuri tayari.

Nikamwomba mpaka Jumatatu. Akasema hata yeye ana familia, anaelewa. Wakaondoka na debe la viazi.

Nitakuambia ukweli wote, kwa sababu nikikuficha wewe nitakuwa nimebaki na nani. Jana jioni nilikuwa nimekwisha kuitoa kalamu. Nilijiambia mama ni mzee, atafukuzwa tu, atarudi kwa ng'ombe wake, na mimi nina watoto. Nikajiambia pia mwenye nguvu mpishe. Ni ajabu jinsi methali huja haraka mtu akitaka kufanya uchafu. Polisi walikuwa wamemlaza mama seli siku mbili wakamwachilia, kila wiki aripoti. Nikasema acha nimwone kwanza, nisije nikamtilia sahihi mtu bila kumtazama uso.

Nilimkuta getini. Hakuna anayemlipa sasa, wameandika ameachishwa, lakini amesimama na bendera. Binti yake Chebet, anayechuma chai upande wa Kericho, alikuwa amekuja kumchukua, lakini mama amekataa kuondoka. Ameweka kiti cha mumewe kando ya reli yenyewe na anakaa hapo na mwavuli, anaweka mkono juu ya chuma kusikiliza kama kinatetemeka. Redio ameitoa nje, iko kwenye matope, betri bado inayo, inavuma.

Nikamwambia yote. Sherehe, tiki, mnyapara, chupa ya maziwa, mpaka kile kicheko. Hakunikatiza, na wewe unamjua kwa mdomo.

"Kwa hivyo Jumatano ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na ulikunywa maziwa yangu?"

"Nilikunywa."

"Hawa watu wa Nairobi hawanijui," akasema. "Mtu hakujui, atakusahau, hiyo si makosa kubwa. Lakini wewe Karani unanijua. Unajua hata ng'ombe yangu kwa jina."

Halafu akaweka mkono kwenye reli tena, akasema nisogee, kuna kitu kinakuja. Nikasogea. Alisimama akafunga geti, na treni ikapita, na dereva hakututazama. Sijawahi kujichukia hivyo, Mama Kageha. Wale watatu walinitia kinyaa, yule fundi na suruali yake alinitia kinyaa, lakini wao waliondoka na Landrova yao. Huyu mwingine nalala naye, nanyoa ndevu zake.

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, kwa mkono, kurasa nne. Nimesema geti halikupewa redio. Nimesema nilijua, na nikatia tiki ya uongo, na sikumpelekea mama habari hata nilipokuwa na mtu wa kumtuma. Nimesema kwenye kibuyu mna maziwa. Sikutafuta maneno ya kujitetea kwa sababu kila nililoliokota lilinuka. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walitaka kumnyonga na haki yake waitafune na viazi.

Najua maana yake. Luanda hakuna. Kazi yenyewe labda hakuna, na huenda nikaitwa mbele ya hakimu. Nitakuja nyumbani, lakini sijui kwa mwezi upi na sitakuja na muhuri. Ukiona haya kwa majirani, sema yote ni yangu. Na ukinikasirikia una haki, umengoja miaka sita, na mimi nimekuuliza baada ya kutenda badala ya kabla. Niliogopa nikikuuliza kwanza utasema nitie sahihi, nami ningetia nikakulaumu wewe maisha yote.

Jogoo usimchinje. Mwache awike. Kama mahindi yamepungua, mpe mchungaji.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mgongo nitaituma na shemeji. Nisalimie senge Ronika na ndama wake kama yuko. Nisalimie kaka yako mwalimu, ambaye najua atasema nimefanya upumbavu, mwache aseme. Kageha mwambie baba amefurahi kwa mtihani wa hesabu, na mdogo wake mwambie treni bado ni ndefu kuliko kanisa.

Leo hakuna posta. Nitazitia bahasha mbili, hii yako na ile ya makao makuu, katika mkono mmoja wa gadi wa treni ya kupanda, na nitasimama pale mpaka behewa la mwisho liingie kwenye ukungu, ili nisipate nafasi ya kumkimbilia nikachukua moja. Kwa hivyo ukiisoma hii, ujue na ile imefika.

Ni mimi mumeo, niliye mbali na wewe na sasa karibu kidogo na nafsi yangu,

Shadrack, baba Kageha